Tulivuka Bahari Kutafuta Rangi ya Chumba cha Kulia

Mimi nilitaka damu ya mzee, yeye anataka krimu. Wiki mbili nzima tukanuniana kwa sababu ya kuta nne. Ilibidi tupande boti kwenda Unguja ndo nikagundua kwamba ugomvi wetu haukuwa wa rangi hata kidogo.

Mwenzangu, umewahi kugombana na mumeo katikati ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, siku ya Jumamosi, watu wamejaa, vijana wa mikokoteni wanapiga miluzi, na muuzaji amesimama na kadi ya rangi mkononi anawaangalia kama anaangalia tamthilia? Basi mimi nimewahi.

Kisa chenyewe kidogo tu. Nyumba yetu ya Goba tuliijenga kwa miaka minane, tofali leo, nondo mwakani, si unajua tena ujenzi wetu wa kuungaunga. Tulihamia kabla haijaisha. Vyumba vya kulala vilipata rangi, sebule ikapata rangi, ila chumba cha kulia kilibaki na ile nyeupe ya kwanza ambayo fundi hupaka ili kuziba plasta. Meza nilinunua, viti sita, kitambaa cha kufuma alinipa mama yangu. Lakini nikwambie ukweli, hakuna aliyekaa pale. Watoto wanabeba sahani kwenda kwenye tivii. Baba Watoto anakula kwenye kochi, sahani juu ya paja. Mimi nakula jikoni nimesimama. Meza yangu ya mninga ikageuka mahali pa kuwekea funguo, bili za Luku na madaftari ya watoto.

Nikajiambia tatizo ni ule weupe. Chumba kinafanana na wodi. Nani anataka kula wodini? Nikaanza kukata picha kwenye majarida, nikaipenda nyekundu ile iliyoiva, tunayoiita damu ya mzee. Baba Watoto alipoiona picha akasema neno moja tu: "Krimu." Nikamuuliza kwa nini. "Krimu haichoshi." Basi. Pale Kariakoo nilipomwambia muuzaji atuchanganyie galoni mbili za damu ya mzee, mume wangu, mtu ambaye hata kelele hajui kupiga, akasema kwa sauti, "Ukipaka hiyo mimi humo siingii." Akatoka nje. Tulirudi Goba kimya kama tunatoka msibani.

Boti ya asubuhi

Wiki mbili baadaye tulikuwa na harusi Unguja. Rafiki yake Baba Watoto wa tangu chuo alikuwa anaozesha binti, na sisi tulialikwa tufikie kwa mama yake mzazi, ndani ya Mji Mkongwe. Tukapanda boti ya asubuhi pale bandarini, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Joseph. Ni safari ya kama saa mbili hivi. Tulikaa kiti na kiti, yeye anasoma gazeti, mimi naangalia maji. Ukituona ungesema abiria waliokutana.

Nilikuwa na mpango wangu wa siri. Nilishaambiwa kwamba Mji Mkongwe una kuta za kila namna, nikabeba kadi ya rangi kwenye pochi. Nikasema huko huko nitapata ushahidi wa kumshinda mtu.

Ukiwa bado baharini unaona mji mweupe. Ngome Kongwe, lile jumba la Beit el Ajaib lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na safu ya majumba ya pwani. Kutoka mbali vyote vinaonekana vyeupe. Ila ukishuka bandarini Malindi, ukaingia vichochoroni, unagundua hakuna nyeupe hata moja inayofanana na mwenzake. Kuna nyeupe ya maziwa, nyeupe ya maganda ya yai la kienyeji, nyeupe iliyoungua ikawa kama chapati. Katikati yake kuna njano zilizofifia, kuna rangi za udongo, kuna waridi iliyochakaa. Ile jengo ya zamani ya hospitali kule pwani, yenye roshani zilizochongwa, ina kijani chake kinachotulia kabisa juani. Nikatoa kadi yangu nianze kulinganisha, nikaona aibu. Hakuna rangi hata moja ya kadi iliyokaa pale.

Kijana aliyekuwa anatusaidia mizigo akacheka. "Mama, hiyo ni rangi ya dukani. Hii ni chokaa."

Ukuta unaopumua

Hapa nisikilize vizuri msomaji wangu, kwa sababu mimi nilidhani chokaa ni rangi ya watu wasio na hela.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, halafu yanamwagiwa maji yanaumuka na kulegea, yakiachwa yatulie yanakuwa kama uji mzito. Huo ndio uliounganisha mawe, ndio uliopigia plasta, na ukiongezewa maji ndio uliopakwa ukutani. Wakitaka rangi wanatia udongo: mwekundu, wa njano, wa kahawia. Kwa hiyo rangi ya ukuta inatoka ardhini, haijakaa juu ya ukuta kama ngozi ya plastiki, imeingia ndani.

Faida yake ni kwamba ukuta unapumua. Mawe yale hunyonya unyevunyevu, na chokaa huuachia utoke. Ukija na rangi ya mafuta au saruji ukaziba, maji hayana pa kutokea, baada ya muda ukuta unatoa malengelenge na rangi inabanduka vipande vipande. Niliona nyumba kadhaa za hivyo, zinasikitisha. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na sehemu ya kazi ya kuutunza ni hii hii ya kurudi kwenye chokaa.

Kitu kingine: vyumba ni vyembamba. Dari zimeshikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, kwa hiyo chumba kinakuwa kirefu lakini upana wake ni ule wa boriti. Ungetegemea vyumba vya namna hiyo vikubane. Wala. Ukiingia unahisi umekumbatiwa. Kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba joto la chumba halitoki kwenye kopo la rangi peke yake. Linatoka kwenye mwanga, kwenye umbo la chumba, na kwenye namna ukuta unavyopokea kivuli.

Chakula kwa Bi Mkubwa

Mwenyeji wetu alitupokea mlangoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshatushika mikono anatuvuta ndani. Mchana ulipofika mimi kwa mazoea nikaanza kutafuta meza kwa macho. Meza haipo. Chumba cha kulia hakipo! Ukatandikwa mkeka chini, likaja birika na beseni tukanawishwa, halafu sinia: wali wa nazi, mchuzi wa changu, mchicha, ndizi mbivu, achari ya embe pembeni. Tukakaa kulizunguka, kina mama chumba chetu, wanaume chumba cha nje.

Chumba tulichokaa kilikuwa na ukuta wa njano. Lakini usifikirie ile njano ya vibanda vya simu inayokupigia kelele. Ilikuwa njano iliyotulia, kama mchuzi wa nazi uliotiwa manjano kidogo tu. Mlango ulikuwa wazi, mwanga unaingia kutoka uani, unagonga sakafu kwanza ndo unapanda ukutani. Kila mtu aliyekaa pale alionekana amenawiri. Kuna bibi mmoja wa makamo, mgonjwa mgonjwa, lakini pale ukutani alikuwa kama ametoka kuogeshwa liwa. Nikasema moyoni, hii ndiyo.

Nikamuuliza Bi Mkubwa rangi yake inaitwaje. Akanishangaa.

"Inaitwaje vipi mwanangu? Manjano. Yale yale ya jikoni."

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Hebu fikiria majina ya rangi zetu. Manjano ni ile mizizi tunayosaga kutia kwenye pilau na mchuzi. Chungwa ni tunda. Zambarau ni tunda. Kijani ni jani, kijivu ni jivu. Hata hiyo damu ya mzee yangu imetoka mwilini mwa mtu. Rangi zetu nyingi zimetoka jikoni, shambani na kwenye jiko la kuni. Halafu mimi nimebeba kadi yenye majina kama ya manukato, natafuta rangi ya kulia chakula!

Nikamweleza Bi Mkubwa habari yote, mpaka ya Kariakoo. Akanisikiliza huku anapasua embe. Kisha akasema, "Nyekundu si mbaya. Lakini wewe ulimuuliza mwenzio kwa nini hataki?"

Nikasema nilimuuliza, akanijibu krimu haichoshi.

"Ah-ah. Hiyo kakwambia kwa nini anataka krimu. Mimi nakuuliza kwa nini hataki nyekundu. Hayo mawili tofauti."

Sikuwa na jibu. Nikala embe.

Jioni Forodhani

Jioni kabla ya shughuli za harusi kuanza tulitoka matembezi sisi wawili, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bila mtoto anayevuta gauni. Tukaenda Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jua likishazama wauzaji wanapanga meza zao: mishikaki, pweza, chapati za kusukuma na yai ndani wanazoziita piza ya Zanzibar, juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Tukanunua sahani moja ya kushea, tukakaa kwenye ukuta wa bahari, tumeipa mgongo bahari tunaitazama Ngome Kongwe.

Ngome ile ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno. Mchana ni mawe ya kahawia tu, wala hayakuvutii. Lakini jua la magharibi likiipiga, jamani! Inapanda polepole kutoka kahawia kwenda rangi ya chungu kilichotoka kuchomwa, halafu rangi ya mkate ulioiva, halafu inazimika. Kama dakika ishirini hivi. Watoto walikuwa wanajirusha baharini kutoka ukutani, watalii wanapiga picha, moshi wa mishikaki unatupitia usoni.

Nikaamua kumuuliza lile swali la Bi Mkubwa. "Hivi Baba, kwa nini hutaki nyekundu?"

Alinyamaza muda mrefu nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Kwa baba mkubwa ilikuwa nyekundu."

Mimi nilijua alilelewa kwa baba yake mkubwa baada ya wazazi wake kufariki. Nilijua alisomeshwa pale, na siku zote humtaja yule mzee kwa heshima. Nisilolijua ni kwamba pale walikula mezani. Chumba kilipakwa rangi ya mafuta, damu ya mzee, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, inang'aa. Kila jioni watoto wote wanakaa, na kabla sahani hazijafunuliwa zinasomwa kesi za siku. Nani kavunja glasi. Nani kapata maksi ngapi. Yeye kama mtoto wa kufikia kesi zake zilikuwa za mwisho na ndefu. Kiti chake kilikuwa kinatazama ukuta. "Nilikuwa naangalia ile balbu inavyong'aa kwenye rangi," akasema. "Nahesabu mpaka amalize. Chakula kinapoa. Mpaka leo nikikaa mezani tumbo linafunga."

Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Mimi siku zote nilidhani mume wangu anapenda kochi kwa sababu ya mpira.

Sikujua niseme nini. Nikamsogezea sahani, nikamwambia pweza wa mwisho ni wake. Akacheka. Tukabaki tunaangalia ngome inavyozimika. Baadaye akanigusa bega, akanyoosha kidole: "Ile. Kabla haijawa kahawia. Ile naweza kula nayo."

Tumerudi Goba

Usidhani hadithi imeishia hapo na muziki wa filamu. Kuona rangi kwenye ngome jua likizama ni jambo moja, kuipata kwenye kopo ni jambo jingine kabisa.

Duka la kwanza walituchanganyia rangi ya udongo, nzuri kwelikweli kwenye kadi. Safari hii hatukupaka ukuta wote. Tulipaka karatasi mbili kubwa za manila, mikono miwili ya rangi, tukazibandika kuta mbili tofauti tukaziacha siku tatu. Asubuhi ilikuwa safi. Mchana ikawa na ukijani fulani hivi wa ajabu, mpaka tukagundua ni mwembe wa jirani: jua linagonga majani, majani yanarudisha ukijani ndani. Usiku ndo ikawa balaa. Ilikuwa waridi ya dawa ya kikohozi.

Kosa halikuwa la rangi. Kosa lilikuwa la taa. Dari yetu ilikuwa na zile balbu nyeupe za LED zinazoelekea ubuluu, zilizoandikwa 6500K kwenye boksi. Taa hiyo ni nzuri ya kushonea nguo, lakini inaua rangi yoyote ya joto. Na chumba chetu chenyewe dirisha lake linaangalia kusini, chini ya baraza. Kwa sisi wa Dar, sehemu kubwa ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba hakipati jua la moja kwa moja. Ile nyeupe ya mwanzo isingeacha kuonekana ya wodini hata ungeipaka mara kumi.

Tukabadilisha balbu kwanza, tukaweka za 2700K, zile za mwanga wa njano. Karatasi ile ile, usiku ule ule, ikabadilika mbele ya macho yetu. Baba Watoto akasema, "Kumbe tungeanza na balbu." Hata hivyo tuliipunguza rangi kidogo, tukaomba waongeze njano na kupunguza wekundu, tukajaribu tena. Ya tatu ndiyo tuliyochukua. Fundi anaiita "udongo". Binti yetu anaiita "rangi ya maandazi". Sisi wawili tunaiita Forodhani.

Na mimi nikakubali jambo moja bila kuombwa: haing'ai. Fundi alinishauri ya kung'aa kwa sababu inafutika haraka mtoto akirusha mchuzi. Nikamwambia hapana, tafuta yenye mng'ao hafifu kabisa inayovumilia kitambaa chenye maji, lakini taa isijitazame ukutani. Fundi hakuelewa. Mume wangu alielewa, akatoka nje kidogo akajifanya anapokea simu.

Ukitaka na wewe, zingatia haya

*Anza na mwanga.* Simama chumbani asubuhi, mchana na usiku. Dirisha la magharibi litapata jua la jioni lenye uwekundu wake lenyewe, kwa hiyo rangi yako ipunguze ukali. Chumba chenye kivuli ndicho kinachohitaji njano na udongo zaidi.

*Balbu kabla ya kopo.* Soma namba kwenye boksi. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa joto. Ukipanda kuelekea 6500K unarudi wodini.

*Usiamini kadi.* Kipande cha rangi cha ukubwa wa kiberiti hakikwambii kitu. Rangi ikienea kuta nne huonekana kali zaidi kuliko kwenye kadi. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyopoa zaidi.

*Jaribu kwenye manila.* Paka mikono miwili, bandika karibu na dirisha na pia kwenye ukuta wa ndani, hamisha hamisha. Angalia nje kuna nini: mti, bati jekundu, ukuta wa jirani, vyote vinarudisha rangi yao ndani kwako.

*Ukuta uwe tayari.* Plasta mpya iache ikauke kama wiki nne. Ukuta wenye unyevunyevu utibu kwanza chanzo cha maji, usizibe kwa rangi ya mafuta ukadhani umemaliza. Piga skimu, piga msasa, futa vumbi, paka ile ya kwanza ya kuziba, ndipo rangi yenyewe.

*Piga hesabu kabla fundi hajakupigia.* Chumba cha mita 4 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 3, kina mzunguko wa mita 15, yaani mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, tuseme 5, unabaki na 40. Mikono miwili ni 80. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo unahitaji lita 8, yaani galoni mbili za lita nne. Fundi akikwambia ndoo ya lita ishirini, muulize nyingine anampakia nani.

*Chagua kopo lisilo na risasi.* Soma maelezo yake. Madini ya risasi kwenye rangi yanadhuru ubongo wa watoto, na mtoto ndiye anayekwangua ukuta na kutia kidole mdomoni.

*Muulize mwenzio swali la pili.* Usimuulize anapenda rangi gani tu. Muulize ipi hataki, na ilikuwa kwenye nyumba ya nani.

Siku ya kwanza mezani

Rangi ilipokauka tulifungua madirisha siku mbili harufu itoke. Jumapili nikapika wali wa nazi na mchuzi wa changu, nikajitahidi kumuiga Bi Mkubwa ingawa nazi yangu ilikuwa nyepesi. Nikatandika kile kitambaa cha mama. Meza tuliigeuza ili pasiwe na kiti kinachotazama ukuta kwa karibu. Kiti cha Baba Watoto kinaangalia dirisha na ule mwembe wa jirani.

Kabla hatujaanza akasema ana sheria moja. Watoto wakakaa sawa, wanajua sheria za baba ni chache. Akasema, "Hapa hakuna kesi. Maksi tutazungumzia sebuleni. Glasi iliyovunjika tutazungumzia jikoni. Hapa tunakula." Mtoto wetu wa kiume akauliza, "Hata kama nimepata kumi na mbili ya hamsini?" Kimya kikapita. Nikaona taya ya mume wangu inakaza. Kisha akasema, "Pitisha achari."

Kwa kweli alikula kidogo siku ile. Nilimwona. Wiki iliyofuata akaongeza. Siku za mpira bado anahamia kwenye kochi na sahani yake, na mimi siku hizi simsemi. Lakini siku nyingine narudi kazini jioni, foleni imenichosha, nafungua mlango namkuta amekaa pale mezani peke yake na chai, balbu imewashwa, gazeti limefunguliwa, mgongo umeegemea.

Harusi ya Unguja ilikuwa nzuri sana, hiyo nitawasimulia siku nyingine. Bi Mkubwa alinipigia juzi kuulizia hali. Nikamwambia tumeshapaka. Akauliza, "Mmepaka rangi gani?" Nikamjibu, "Ya mkate ulioiva."

"Basi," akasema, "hapo mtu atakaa."